Gitaa la pajani na amplifaya mpya: kazi niliyoifanya Kakamega

Nimezoea kuletewa vyombo vya watu wa Pwani. Udi uliopasuka tumbo, kinanda kilichoingia maji ya chumvi, spika za harusi zilizoungua kwa sababu kuna kijana aliyedhani sauti ikikwaruza ndiyo kali. Lakini kazi iliyonifunza zaidi mwaka huu sikuifanyia Mombasa. Niliifanyia Kakamega, juu ya meza ya kulia chakula, kuku wakiingia na kutoka nyuma yangu.

Nilikuwa nimekwenda Mumias kwa wakwe zangu. (Mpwani akifika Mumias hajihisi mgeni sana. Misafara ya wazee wetu ilikuwa ikipiga kambi pale kwa Nabongo tangu karne ya 19, na adhana utaisikia hadi leo.) Siku ya pili shemeji yangu akaniambia kuna mzee, mwalimu mstaafu, anaishi nje kidogo ya mji wa Kakamega, ana gitaa la umeme la kulaza pajani na limekataa kusema. Jumamosi ilikuwa inatimia mwaka mmoja tangu mkewe afariki, na alitaka kulipiga kwenye kumbukumbu. Mjukuu wake alikuwa amemnunulia amplifaya mpya kabisa, na bado hapakutoka kitu cha maana. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Nilimwamkia kwa Kiluhya changu cha kubahatisha, "Mulembe, mzee." Akacheka, akaniitikia, kisha akahamia Kiswahili kile cha walimu wa zamani ambacho mtu ukikisikia unakaa sawa kwenye kiti. "Mwanangu," akaniambia, "hili gitaa lilikuwa likilia. Sasa linanong'ona kama mbu ndani ya mkebe."

Nieleze kwanza chombo chenyewe, maana wengi wetu tunajua gitaa la kukumbatia tu. Hili halikumbatiwi. Unakaa kitini, unalilaza mapajani nyuzi zikitazama juu. Nyuzi zimeinuliwa mbali na ubao, hata ukitaka kuzibana kwa kidole huwezi. Mkono wa kushoto unashika kipande cha chuma kizito na kukitelezesha juu ya nyuzi, wa kulia unakwanyua. Kwa hivyo noti zake hazirukiruki kutoka moja hadi nyingine. Zinateleza, zinapanda na kushuka kama mtu anayeimba au anayelia.

Asili yake ni visiwa vya Hawaii, na anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wa mtindo huo ni Joseph Kekuku, mwishoni mwa karne ya 19. Maonyesho makubwa ya San Francisco ya 1915 yaliwatia Wamarekani wazimu wa muziki wa Hawaii, na wazimu huo ndio uliozaa gitaa la umeme. Watu wengi hudhani gitaa la kwanza la umeme lililouzwa madukani lilikuwa hili la kusimama nalo jukwaani. Sivyo. Lilikuwa la kulaza pajani, la aluminiamu, lililotoka kwa Rickenbacker huko Los Angeles mwaka 1932, likapewa jina la utani la kikaangio kwa vile lilivyofanana na sufuria ya kukaangia yenye mpini mrefu. George Beauchamp, aliyelibuni, alipata hataza yake mwaka 1937.

Hata kama hukuwahi kuliona, umelisikia. Sisi tuliolelewa na filamu za Kihindi tumelisikia utotoni bila kujua jina lake. Wapigaji kama Van Shipley na Sunil Ganguly walitoa sahani nzima za nyimbo za filamu wakizipiga kwa gitaa la namna hii, bila mwimbaji. Na huku bara sahani za Jimmie Rodgers wa Marekani, ambazo nyingi zina gitaa la kuteleza nyuma ya sauti yake, zilifika hadi kwa Wakipsigis. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi huko wasichana wakiimba juu ya Chemirocha, ndiye Jimmie Rodgers huyo kwa matamshi yao. Kwa hivyo mtu asishangae kulikuta gitaa hili Kakamega. Kaunti hii ndiyo ya George Mukabi na mtindo wa omutibo. Gitaa si kitu kigeni hapa.

La mzee alilipata miaka ya 60 kwa mwalimu Mmarekani aliyekuwa akirudi kwao. Liliambatana na amplifaya yake ndogo ya valvu, ya volti 117 za Marekani. Unajua kilichofuata. Siku moja mtu, kwa nia njema, akaichomeka moja kwa moja kwenye volti 240 zetu bila transfoma ya kushusha umeme. Moshi. Tangu hapo gitaa likakaa ndani ya sanduku juu ya kabati, miaka zaidi ya thelathini.

Mjukuu ni kijana wa chuo, mwenye adabu na haraka. Alikuwa ameshaamua. Ama tung'oe kinasa cha zamani tuweke cha kisasa, ama liuzwe kwa mtu wa Nairobi aliyeona picha na kutoa bei. "Kuka, hii kitu imekufa," alimwambia babu yake mbele yangu. Mzee hakujibu. Alikuwa akilifuta vumbi kwa kitambaa, uzi mmoja mmoja. Nikamwomba kijana anipe mpaka kesho jioni.

Ukiletewa chombo cha zamani kisichosikika, usianze kulaumu chombo. Wala usianze na amplifaya. Anza na swali hili: je, kinasa kiko hai? Kinasa ninachosema ni kile kipande chenye sumaku kilicho chini ya nyuzi. Ndani yake kuna waya mwembamba kama unywele uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitetema ndani ya uga wa sumaku, umeme kidogo sana unazaliwa ndani ya waya huo, na huo umeme ndio sauti yenyewe. Waya ukikatika mahali pamoja tu, basi. Nikatoa mita yangu, nikapima. Ilisoma omu 7,000 na kitu. Kingekuwa kimekatika, mita isingesoma chochote. Nikamwambia mzee, "Alhamdulillah, roho ipo."

Kisha nikatazama nyuzi. Kijana alikuwa amemnunulia babu yake seti mpya, zinang'aa rangi ya dhahabu. Hapo nikajua tatizo la kwanza. Zile ni nyuzi za gitaa la mbao lisilo la umeme. Nyuzi nene zake zimezungushiwa shaba nyeusi, na shaba haina habari na sumaku. Kinasa kinauona uzi wa chuma uliofichwa katikati tu, ile shaba ya juu ni kama haipo. Matokeo yake nyuzi nyembamba, ambazo ni chuma kitupu, zinapiga kelele, na nene zinanong'ona. Ukifunga nyuzi za nailoni, kama za udi, hapo kinasa cha sumaku hakisikii kitu kabisa. Chombo cha sumaku kinataka chuma au nikeli.

Kijana mmoja wa bendi mjini alikuwa na pakiti ya nyuzi za kawaida za gitaa la umeme, za unene wa 10 hadi 46. Watu watakwambia gitaa la pajani linataka nyuzi maalumu. Kwa baadhi ya milinganyo ni kweli. Lakini mzee hulinganisha gitaa lake kwa kodi ya A, yaani kutoka nene kwenda nyembamba: E, A, E, A, C kali, E. Mlinganyo huo unahitaji tu nyuzi tatu za katikati zipandishwe toni moja moja kutoka mlinganyo wa kawaida, na kwa kuwa gitaa lake ni fupi, nyuzi hazikazi kupita kiasi. Pakiti ya kawaida ilitosha.

La pili lilikuwa uchafu. Kidhibiti cha sauti cha miaka sitini kikizungushwa kinakwaruza kama mtu anayekanyaga changarawe. Usikibadilishe haraka. Dawa ya kusafishia viungo vya umeme, ile ya kopo la kupulizia, tone mbili ndani yake kisha unakizungusha huku na huku mara ishirini au thelathini. Tundu la kuchomekea waya nililisugua kwa karatasi laini. Hapo nikagundua kioja: aliyewahi kulitengeneza zamani alikuwa amezigeuza nyaya mbili za tundu, ya sauti ikawekwa mahali pa ya ardhi. Dalili yake ni rahisi kuijua. Ukigusa nyuzi au chuma cha gitaa na mvumo ukapungua, hayo ni ya kawaida kwa chombo cha zamani. Ukigusa na mvumo ukaongezeka, shuku kwamba nyaya zimegeuzwa. Dakika tano za lehemu zilitosha.

Tukachomeka tena kwenye amplifaya mpya. Sauti ilikuwa imeongezeka, lakini bado ilikuwa butu, kama mtu anayezungumza akiwa na blanketi usoni. Mzee akatikisa kichwa. Na hapa ndipo nilipoigeukia amplifaya.

Kijana aliuziwa kama "amplifaya ya gitaa". Duka sitalitaja. Ukweli ni kwamba lilikuwa boksi la mahubiri, la betri, lenye magurudumu na taa za rangi, ambalo utaliona kila kona ya mji siku za soko. Ni chombo kizuri kwa kazi yake. Lakini tundu lake kubwa, ambalo waya wa gitaa unaingia bila shida, limetengenezwa kwa ajili ya maikrofoni. Waya kuingia hakumaanishi vyombo vimeafikiana.

Sikiliza, hili ndilo jambo ambalo laiti watu wetu wangelijua, fedha nyingi zisingepotea. Sote Mombasa tunajua tangi dogo juu ya nyumba lenye bomba jembamba. Ukifungua mfereji mmoja kidogo, maji yanatoka kwa nguvu. Ukifungua mifereji yote ya nyumba kwa pamoja, kila mmoja unadondoka kama machozi. Maji hayakupungua tangini. Bomba jembamba limeshindwa kulisha matundu yote. Kinasa cha gitaa ndicho hilo tangi lenye bomba jembamba. Tundu la amplifaya ndio mfereji. Amplifaya iliyotengenezwa kwa gitaa ina tundu lenye ukinzani mkubwa, kwa kawaida omu milioni 1 hivi. Huo ni mfereji uliofunguliwa kidogo sana: unasikiliza nguvu ya umeme bila kuunywa. Tundu la maikrofoni huwa na omu 2,000 au 3,000 tu. Tundu la kinanda au la mikisa huwa kama 10,000 au zaidi kidogo. Hiyo ni mifereji yote wazi. Kinasa kinanyonywa, nguvu inaporomoka.

Na haiporomoki sawasawa. Waya uliozungushwa maelfu ya mara una tabia ya kuzuia mitetemo ya haraka kuliko ya polepole. Kwa hivyo ukiunyonya, sauti za juu ndizo zinazokufa kwanza, ule ung'avu, ile ncha ya noti inayomfanya msikilizaji ageuze kichwa. Zinabaki za chini. Ndilo blanketi lenyewe.

Niwageukie kidogo wapiga udi, maana najua wapo wanaosoma hapa. Vinasa vingi vinavyobandikwa kwenye udi si vya sumaku. Ni vile vidonge bapa vinavyohisi mtetemo wa ubao. Hivyo navyo vinataka mlango wenye ukinzani mkubwa, omu milioni 1 au zaidi, lakini ukivichomeka pasipofaa vinaugua kinyume: besi ndiyo inayopotea, udi unatoa sauti kavu ya kwarakwara kama bata. Fundi wa mikisa anaongeza besi, spika zinavuma, harusi inaharibika, na lawama anapewa mpiga udi. Na taishokoto zile za taarabu ya zamani, chombo kilichobuniwa na Goro Morita kule Nagoya mwaka 1912 kikaja kikawa chetu, ikiwa kinasa chake ni cha sumaku basi kanuni yake ni hii hii ya gitaa la mzee. Nyuzi za chuma, chombo kimelazwa, kinasa kidogo. Ni binamu.

Dawa ni nini? Kuna kisanduku kidogo ambacho mafundi tunakiita DI. Kipo cha transfoma tu na kipo cha kutumia betri au umeme wa mikisa. Kwa kinasa cha zamani chukua hiki cha pili. Upande mmoja kina mlango wa omu milioni 1, gitaa linapumua. Upande wa pili kinatoa sauti yenye nguvu ya kutosha kuingia tundu la maikrofoni bila kunyonywa. Mimi husafiri nacho kwenye begi kama wengine wanavyosafiri na mswaki. Nikakiweka kati ya gitaa na lile boksi.

Mzee akatelezesha chuma. Noti ya kwanza tu, mjukuu akanyanyua macho kutoka kwenye simu.

Lakini sikuridhika. Sasa tulisikia kila kitu, pamoja na visivyotakiwa: mkwaruzo wa chuma juu ya nyuzi, kucha, hata pumzi karibu. Boksi la mahubiri lina spika ndogo ya sauti kali, kwa ajili ya matamshi ya binadamu yasikike wazi. Spika ya amplifaya ya gitaa haina hiyo. Ina koni moja ya inchi 8, 10 au 12, ambayo ikishapita kama mitetemo 5,000 kwa sekunde inaanza kukata tamaa. Ule udhaifu ni sehemu ya sauti ya gitaa. Kekuku na wenzake hawakuupanga, lakini masikio ya ulimwengu mzima yameuzoea.

Ijumaa, baada ya swala, yule kijana wa bendi akatuletea amplifaya yake ya gitaa, ya kisasa, ya wati 40, yenye kompyuta ndani inayoiga amplifaya nyingine chungu nzima. Vijana wakipata chombo hiki hufungua kila kitu: mkwaruzo wa roki, mwangwi wa pango, na sauti za anga za juu. Nikamwomba azime vyote. Gitaa la pajani halitaki kusaidiwa hivyo. Nilichagua sauti safi, ile inayoiga amplifaya ndogo ya valvu ya miaka ya 50, nikashusha kidhibiti cha kwanza cha nguvu hadi mahali ambapo mzee akikwanyua kwa nguvu kunasikika ukali kidogo tu, na akikwanyua taratibu kunakuwa safi kabisa.

Halafu vidhibiti vya sauti. Hapa mafundi wengi hukosea kwa mazoea. Amplifaya nyingi za kisasa, hasa zinazofuata mtindo wa Fender, vidhibiti vyake vyote vikiwekwa katikati bado zinachimba shimo kwenye sauti za kati. Kwa gitaa la kukumbatia, katika bendi, shimo hilo linampisha mwimbaji. Lakini gitaa la pajani ndilo mwimbaji. Sauti yake yote inaishi katikati. Nikapandisha za kati hadi karibu na mwisho, nikashusha besi chini ya nusu kwa sababu kinasa cha zamani tayari kina besi nyingi, na za juu nikaziacha kidogo chini ya katikati. Mwangwi kidogo, kiasi cha chumba, si cha msikiti mtupu. Nikaongeza pia kile kidhibiti kinachobana sauti kubwa na kuinua ndogo, kiasi kidogo mno, kwa sababu amplifaya ya valvu iliyosukumwa huwa inafanya hivyo yenyewe na ndiyo inayozifanya noti zikawie kufa. Mzee alikuwa amefumba macho. Alisema neno moja, "Hapo."

Waya nao tuliufupisha. Waya wa gitaa unakula sauti za juu kadiri unavyorefuka, na kinasa cha zamani kinaumia kuliko cha kisasa chenye betri. Mzee anakaa kitini, haruki jukwaani. Waya wa mita 3 unamtosha. Ule wa mita 10 alioletewa nikauweka kando. Na kidhibiti cha sauti cha kwenye gitaa kiachwe karibu na mwisho. Ukikishusha sana unapoteza ung'avu pia. Upunguzie kwenye amplifaya.

Mvumo ulibaki. Kinasa cha koili moja kitadaka mvumo wa mitetemo 50 ya umeme wa nyumba, hakuna amplifaya itakayokiponya. Kinachosaidia ni bure: kugeuza kiti. Nilimzungusha mzee taratibu kama saa hadi tukapata upande ambao mvumo ulikaribia kutoweka, nikaweka alama ya chaki sakafuni. Tukachomoa na chaja za simu zilizokuwa karibu.

Kijana wa bendi akapendekeza tukate waya wa ardhi kwenye plagi, eti mvumo utaisha. Nilimkaripia, na hapa nawakaripia na wengine. Nimeona mwimbaji wa harusi akirushwa nyuma hatua mbili kwa sababu midomo yake iligusa maikrofoni huku mkono ukiwa kwenye nyuzi, na kila kimoja kilikuwa na umeme wake. Alipona. Plagi ya pini 3 iache na pini zake 3. Kama una amplifaya kuukuu ya waya mbili kutoka ng'ambo, mpelekee fundi aiwekee waya wa ardhi kabla hujaigusa, na usiiwashe bila transfoma inayolingana na volti zake.

Tukarudi kwenye mzozo wa kinasa. Kijana aliniuliza, kwa heshima, kama cha kisasa kisingekuwa bora. Nilimjibu kuwa kingekuwa kimya zaidi, hilo sikatai. Vile vya koili mbili vinafuta mvumo. Lakini kile cha zamani, koili yake, sumaku yake iliyopungua nguvu kidogo kwa miaka, ndiyo sauti ambayo babu yake aliposikia noti ya kwanza aliitambua. Ukikiondoa unabaki na ubao wenye nyuzi sita, na ubao hata mimi naweza kukuchongea. Nadhani hilo silo lililomshawishi. Lililomshawishi ni kwamba tangu asubuhi babu yake hakuwa ameliweka gitaa chini, hata chai aliinywa likiwa mapajani.

Jumamosi watu walikuwa wengi kuliko nilivyodhani, turubai mbili, na majirani walikuja na ngoma za isukuti. Mwenye kuzijua ngoma hizo anajua wati 40 ni nini mbele yake. Kuongeza wati si jawabu jepesi: ili sikio lisikie sauti imekuwa maradufu, unahitaji nguvu kama mara kumi, kwa hivyo ukitoka wati 40 unatafuta 400. Tulifanya hivi. Amplifaya ya gitaa tukaiweka juu ya kiti nyuma ya mzee, imeinamia masikio yake, kwa ajili yake na waliokaa karibu. Kutoka tundu lake la nyuma, ambalo tayari linatoa sauti iliyochujwa kama ya spika ya gitaa, tukapeleka waya kwenye lile boksi la mahubiri ili turubai la pili nalo lisikie. Kwa hiyo fedha za mjukuu hazikupotea. Nilimwona akilikagua boksi lake kila baada ya dakika tano.

Saa nane umeme ukakatika. Boksi la betri likabaki hai, amplifaya ya gitaa ikazima. Nikachomoa waya, nikarudisha kile kisanduku cha DI, gitaa likaingia moja kwa moja kwenye boksi, nikashusha sauti za juu mpaka mwisho kupunguza mkwaruzo. Haikuwa sauti ya Ijumaa. Mzee alinitazama, akainamisha kichwa kidogo kunionyesha kuwa itafaa, akaanza wimbo ambao, nilivyoelezwa baadaye, alikuwa akiupiga nje ya dirisha la bweni la wasichana mwaka 1966.

Wenye ngoma waliacha kupiga bila kuambiwa. Mama mmoja mzee aliyekaa mbele aliimba maneno kwa Kiluhya, taratibu, na wengine wa rika lake wakamfuata. Mjukuu alisimama kando ya boksi, mkono juu ya kidhibiti, akiongeza sauti kidogo mzee akikwanyua taratibu na kupunguza akikaza, kama nilivyomwonyesha.

Jioni nilipokuwa nafungasha, kijana akaniuliza vile visanduku vya DI vinauzwa wapi na ni bei gani. Nikampa changu. Nilimwambia kikinihitajia Mombasa nitanunua kingine, na betri yake aitoe ndani kama hakitumii, isije ikavuja.